Mbegu ya mkindu haijafa, inasikia baridi

Hamjambo wote, na wazee wetu mlioketi hapo mbele shikamooni. Mwenyekiti asante kwa nafasi. Nimeona wamama wa ploti za huku chini mmekuja na watoto, nimeona pia vijana wanaouza miche kando ya barabara, karibuni sana, na mkiwa na la kuongeza msingoje mpaka mwisho, nyoosheni mkono tu.

Leo tunaongea kuhusu kuotesha miti ya pamu kutoka kwa mbegu, nyumbani, hapa hapa Nairobi. Nikisema pamu nataja ile familia yote ya mnazi, mtende, mkindu, mkoma, mvumo, pamoja na zile za mapambo mnaziona kwa mageti ya watu na mbele ya mahoteli. Ni familia kubwa, iko na aina zaidi ya 2,500 duniani. Alafu kuna zinazouzwa kwa hilo jina na hazimo: ile fupi ya majani magumu ya kudunga, wanaiita sago, sio ya hii familia, na ile ndefu iliyotandaza majani pande mbili iko karibu na mgomba kuliko mnazi. Nazitaja juu watu wananunua mbegu zake wakidhani zitafanya venye mkindu unafanya, na hazifanyi.

Sasa, malalamiko nasikia kila siku ni moja. Mtu amekula tende za Ramadhani, ameweka mbegu kwa mchanga, amemwagilia asubuhi na jioni, mwezi umeisha, wa pili umeisha, hakuna kitu. Anasema mbegu ni mbaya, ama zilichemshwa huko zilikotoka, ama yeye hana mkono wa kupanda. Mara nyingi hakuna hata moja ya hizo. Mbegu iko sawa kabisa, shida yake ni baridi, na akizidisha maji inakuwa baridi zaidi na inaoza.

Hebu fikirieni hii miti inatoka wapi. Mingi ni ya pwani, ya jangwa, ya misitu ya joto, ya kingo za mito huko chini. Mbegu zake nyingi zinaamka vizuri mchanga ukiwa na joto la nyuzi 27 hadi 35. Na sisi tuko wapi? Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,800. Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 11, 12, mchana jua halionekani, na ule mchanga wa kwa pipa lako kivulini haujawahi kuonja hata nyuzi 20. Mbegu ikiwa hapo inangoja tu. Na ikingoja kwa tope baridi kuvu inaifikia kabla haijaamka. Kwa hivyo kama kuna kitu kimoja utabeba leo ukasahau mengine yote, beba hiki, kwamba kazi yako ya kwanza ni kutafuta joto, maji ni ya pili.

Joto utatoa wapi bila kununua mashine? Liko kwa nyumba yako tayari. Juu ya friji, hasa zile za zamani, kuna joto mchana na usiku, na friji za siku hizi ukigusa ubavuni utasikia. Juu ya dekoda, kando ya ruta ya intaneti. Jikoni kwenye rafu iliyo juu ya meko, sio karibu ya kuungua lakini. Chini ya mabati kama unaishi nyumba ya mabati, mchana huko juu kuna joto kuliko unavyofikiria, shida ni usiku tu, kwa hivyo jioni unaishusha na kuifunga na blanketi kuukuu. Weka mkono. Ukihisi uvuguvugu uliotulia, pale panafaa, ukishindwa kuacha mkono hapo basi pamezidi, tafuta pengine. Usiku ndio unaamua, juu mchana wa Januari Nairobi inajitahidi yenyewe, lakini saa kumi usiku hakuna mahali pa nje kuna joto.

Na msimu pia uchague. Ukiotesha kuanzia Septemba, ama Januari na Februari, mbegu inakutana na jua. Ukianza Mei unaipeleka moja kwa moja kwa baridi ya Juni, Julai, Agosti. Inawezekana, lakini ni kama una sehemu ya joto ndani ya nyumba, nje usijaribu.

Tukija kwa mbegu yenyewe. Pamu nyingi mbegu yake haipendi kukaa. Ikikauka sana kiini kinakufa, na kuna aina zinapoteza nguvu ndani ya wiki chache tu baada ya kuanguka. Zile za kwa pakiti mnaletewa kutoka mbali, hujui zilivunwa lini, hujui zilikaa kwa jua la nani. Bora uokote chini ya mti unaoujua, matunda yaliyoiva yakaanguka yenyewe. Na uombe ruhusa tafadhali, askari wa geti ukimsalimia vizuri ukamweleza unataka matunda yaliyoanguka atakusaidia kuokota. Tende ndiyo tofauti, huo ni mti wa jangwa na mbegu yake inavumilia ukavu miaka. Mjue kuna mbegu ya tende iliyochimbwa kule Masada, Israeli, ya miaka kama 2,000, ikapandwa mwaka 2005 na ikaota, mti ukaitwa Methusela na uko hai. Kwa hivyo ile tende yako ya Eastleigh ya mwaka jana usiseme imezeeka.

Lakini mkindu na zile za mapambo, ukiokota leo, anza leo. Kwanza toa nyama yote. Ile nyama ya tunda ina vitu vinavyozuia mbegu isiote, tena ndiyo inaleta kuvu na sisimizi. Loweka matunda kwa maji siku mbili tatu yalainike, alafu sugua na mchanga wa mto, suuza, rudia mpaka mbegu isiwe na utelezi. Hapa nataka wamama mnisikilize juu ya watoto. Kuna ile pamu ambayo vijani vyake vimechanika mfano wa mkia wa samaki. Matunda yake yana vichembe vidogo vikali vyenye ncha, ukiminya kwa mkono mtupu utawashwa hadi ulie, mtoto akitia mdomoni ni mbaya zaidi. Vaa glavu, na kama huijui pamu yenyewe ni gani, vaa glavu tu.

Ukishasafisha, loweka kwa maji safi siku moja hadi tatu, ukibadilisha maji kila siku. Wengine watakuambia inayoelea tupa. Mimi siwashauri mtupe, zingine zinaelea na bado zinaota, weka kando kwa kontena yake na uzipe nafasi.

Mtandaoni wanafundisha kuweka mbegu kwa mfuko wa plastiki wa kufungika. Sisi karatasi za plastiki za kubebea vitu zilipigwa marufuku Agosti 2017, na ata bila hiyo sioni haja, kopo la aiskrimu lenye kifuniko linafanya kazi hiyo hiyo na linatumika miaka. Weka ndani kokopiti, zile nyuzi za maganda ya nazi zilizosagwa, changanya na mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa shamba usiweke kwa hatua hii, una wadudu wake na magugu yake. Unyevu ndio watu wengi wanakosea. Chukua ngumi ya huo mchanganyiko ukamue kwa nguvu. Maji yakichuruzika umezidisha, yakitoka tone moja ama mawili ni sawa, na ukifungua mkono ukabomoka wote umekauka. Zika mbegu humo, funga kifuniko, andika juu aina na tarehe, alafu peleka kwa joto. Humwagilii tena. Ule unyevu hauna pa kwenda, unazunguka humo humo. Mara moja kwa wiki fungua, hewa ibadilike, uangalie. Ukiona utando mweupe juu ya mbegu usishtuke, kawaida ni mabaki ya nyama, suuza uirudishe. Bonyeza. Ngumu iko hai au bado inafikiria, laini yenye harufu imeoza, toa hiyo.

Sasa nitawaonyesha kitu na hii mbegu ya tende, nyinyi wa nyuma sogeeni kidogo. Upande huu kuna mfereji umetoka mwanzo mpaka mwisho, huo kila mtu anaujua. Igeuze. Hapa mgongoni, katikati, kuna kidoa cha mviringo kidogo sana, pengine mtaona mkiielekeza kwa dirisha. Kiini kimelala hapo chini yake. Siku ikiamka, kile kifuniko kinasukumwa, na kinatoka kijiti cheupe. Watu wanaona hicho kijiti wanasema mzizi huu. Bado. Ni kama kitovu cha mtoto, mbegu imekitoa ili kubeba kiini iende nacho chini kwa mchanga. Kinashuka, kinashuka, alafu kwenye ncha kinavimba kidogo. Kutoka kwa huo uvimbe mzizi wenyewe unaendelea chini, na jani linapasua pembeni linapanda juu. Kwa hivyo jani halitoki kwenye mbegu, linatoka mbali nayo kidogo, na ukilichimbua ukidhani mbegu iko chini ya jani utakata katikati.

Sio zote zinafanya hivyo. Nazi, na nyingi za mapambo, chipukizi linatokea pale pale ubavuni kwa mbegu. Mkindu unafanya kama tende. Na mkoma na mvumo ndizo zinakwenda chini kupita zote, kile kijiti kinaweza kushuka futi nzima na zaidi kabla hujaona kijani chochote juu. Kwa hivyo hizo mbili kwa kopo la aiskrimu hazifai, zinagonga chini zinajikunja. Chukua chupa ya maji ya lita 5, kata shingo, toboa matundu chini, jaza, na mbegu uilaze juu juu. Wengi wamepanda mkoma kwa kikopo wakaona miezi imeisha wakamwaga, na kumbe mmea ulikuwa hapo chini unahangaika.

Na kitu kingine, chipukizi likishatoka, ile mbegu usiikate. Ndani yake bado kuna chakula. Nyinyi mliokulia Pwani mmekula joya, ule mpira mweupe wa sponji unaopata ndani ya nazi iliyoanza kuota, mtamu. Mnajua kazi yake? Ndio mdomo wa mche. Unakua ndani ya nazi, unanyonya ile nyama na kupeleka chakula kwa chipukizi. Kila mbegu ya pamu iko na wake, ata ya tende, ni mdogo tu huuoni. Mche unaweza kukaa miezi ukila kutoka huko. Ndio maana mwanzoni hauhitaji mbolea hata kidogo, na ukiweka mbolea ya chumvi chumvi unaunguza mizizi bure.

Muda. Washingtonia, ile ndefu nyembamba ya majani ya kupepea, kukiwa na joto inaweza kutokea wiki chache tu. Tende mara nyingi mwezi mmoja au miwili. Mkindu mwezi mmoja mpaka mitatu. Ile ya shina jeupe laini ya mbele ya mahoteli, royal, miezi miwili, mitatu au zaidi. Mkoma unaweza kukumalizia karibu mwaka. Na mbegu za mti mmoja, ulizookota siku moja, haziamki siku moja, hii ya kwanza inatoka leo na mwenzake miezi mitatu baadaye. Ndio nasema kontena isimwagwe. Watu wa mjini tumezoea sukuma, unatupa mbegu Jumatatu, wiki ijayo iko juu, pamu haina hiyo haraka. Zilizotoka zihamishe, zilizobaki funika uzirudishe juu ya friji.

Kuhamisha nako, fanya mapema. Kijiti kikiwa kirefu kama kidole, ama jani la kwanza likianza kuchungulia, ondoa, juu mizizi ya pamu ni mepesi kuvunjika na ukingoja ijisokote na ya wenzake utaipasua. Tumia karatasi nyeusi za miche lakini zile ndefu, fupi achia nyanya. Mchanga changanya ule mwekundu, na mchanga wa mto mwingi kidogo, na mbolea ya mbuzi iliyooza kabisa, kidogo tu. Nyinyi wa upande wa Embakasi na Kayole mchanga wenu ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, huo kwa mche wa pamu hapana, maji yanasimama. Omba mwekundu kwa jamaa wa Dagoretti ama Kiambu. Mbegu ikae juu juu, nusu yake ionekane, usiizike kwenda chini.

Jani la kwanza la tende na mkindu litakuja moja, jembamba, limesimama wima, na ni nyasi kabisa ukiliangalia. Kama kuna mtu anakusaidia kazi za nyumba mwambie mapema, na mzee wako mwambie, miche mingi sana imeng'olewa na mtu aliyekuwa anasafisha kwa nia nzuri. Mengine yatafuata hivyo hivyo ya nyasi, na yale yaliyochanika ya pamu halisi yatakuja baadaye sana, mwaka, miaka miwili, inategemea aina.

Jua la moja kwa moja usiipe mwanzo, ata kama ni mti wa jangwa. Balkoni inayopata jua la asubuhi ni nzuri, ama neti ya kivuli, ama chini ya mti mwingine. Zizoeze polepole. Maji, mwagilia mpaka yatoke chini alafu uache juu pakauke kidogo, na yaende kwa mchanga, yasijae kwa kile kichwa katikati ya majani, yakisimama hapo kichwa kinaoza na ukivuta jani la katikati linatoka lote mkononi. Hiyo ikitokea mara nyingi mche umeenda. Alafu maji ya borehole. Mengi ya hapa Nairobi yana floraidi nyingi, na zile pamu za ndani ya nyumba, areka na Chamaedorea, zinaonyesha haraka, ncha za majani zinakuwa kahawia. Kinga maji ya mvua. Mtungi mmoja wa msimu wa mvua unatosha miche mingi kwa muda mrefu.

Jani la chini likianza kuwa njano watu wanakimbia na makasi. Liache mpaka likauke kabisa. Mti unaondoa chakula humo unapeleka kwa majani mapya, hasa potasiamu, ukikata bado kuna kijani umeunyang'anya.

Nikuje kwa swali la dada yule wa leso ya kijani, amenong'oneza nikipita: nazi itaota Nairobi? Kuota itaota, ukiipa joto. Lakini kuishi hapa miaka na kuzaa, hapana, mnazi ni mti wa joto la pwani na huku juu unanyong'onyea. Sitaki umwambie mtoto utampandia mnazi alafu auone ukifa Julai ya pili. Na mtende wa mbegu uupande kwa uzuri wake. Kwanza kuna mitende dume na jike, na mbegu haikuambii ni gani mpaka mti uchanue, nusu yake itakuwa dume. Pili hauzai tunda sawa na lile ulilokula, wakulima wa tende wanapanda machipukizi ya mti wanaoujua. Tatu tende zinataka joto kali na ukavu ndio ziive, ndio maana hapa Kenya zinalimwa huko Turkana. Lakini majani yake getini kwako, hayo utayapata.

Ukiniuliza mimi, Nairobi tupande mkindu. Huu ni wetu, unaota kando ya mito sehemu nyingi za Kenya na unavumilia huku juu, watu wa Pwani wanasuka mikeka na vikapu kwa ukindu wake, ndege wanakula matunda yake. Unatoa mashina mengi kutoka chini pamoja, kwa hivyo ukifunga fensi au kingo ya mto unajaza vizuri. Na inaniuma sana nikiona mtu analipa maelfu kwa mche wa kutoka nchi nyingine na mkindu umekatwa mtoni kwake uwe kuni. Mkoma pia ni wetu na mvumo pia, hizo ni za mwenye shamba huko chini kwenye joto, Makueni, Tana River, Turkana, mkienda likizo mbebe mbegu mkapande huko huko.

Mkishapata mche wa kutoka mkononi mwenu, wa miaka miwili mitatu, fikirieni pa kuuweka kabla ya kuchimba. Sio chini ya nyaya za stima. Pamu nyingi zina kichwa kimoja kwa kila shina, ukuaji wote uko hapo juu, watu wa stima wakija kukata kichwa lile shina halitoi lingine, limekufa. Ng'ombe akikila, vile vile. Na ukiuteremsha shimoni shingo ya mche iwe sawa na usawa wa ardhi, usiuzamishe eti usianguke, uegemeze na vijiti.

Kwenye ile ndoo ya bluu kuna mbegu za mkindu, zimesafishwa na kulowekwa tayari, kila nyumba ichukue kumi na kikopo kimoja cha kokopiti. Msiziache kwa gari zikauke. Leo jioni ziwe juu ya friji. Vijana wa miche nyinyi chukueni ishirini ishirini, na mwenyekiti tafadhali uandike nani amechukua, Septemba ikifika tupite nyumba kwa nyumba tuone zilizotoka. Haya, yule mzee wa kofia alikuwa na swali kuhusu panya.